Kufunga na Kufungua

Kiswahili chetu kina neno moja lenye kazi nyingi. Mkristo hufunga ili aombe. Mfugaji hufunga ndama kamba. Mwenye duka hufunga duka lake jioni. Na katika nyumba zetu nyingi mgonjwa wa akili naye hufungwa, mikono au miguu, asije akapotea. Wakati mwingine mfungo na kamba humkuta mtu mmoja, wiki moja, katika chumba kimoja, na wanaomfanyia hayo ni watu wanaompenda na kumlilia Mungu kwa ajili yake.

Nataka tuangalie jambo ambalo halisemwi sana kanisani wala majumbani. Mgonjwa wa akili anayelala siku nyingi bila kutembea, awe nyumbani au wodini, anaweza kugandiwa na damu katika mishipa ya miguu. Damu hiyo iliyoganda inaweza kupanda mpaka mapafuni na kumuua kwa muda mfupi sana. Mimi nililijua jambo hili kwa sababu ya mdogo wangu, na tangu hapo sijaweza kusoma sura ya 58 ya Isaya kama nilivyoisoma zamani.

Sisi wa Dumila tunaishi na barabara. Lami ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati yetu, na hapa ndipo njia ya Kilosa inapochepuka. Usiku kucha malori yanapita, mengine yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo. Mtoto wa Dumila hufundishwa kuogopa lami kabla hajajua kuhesabu. Kwa hiyo mtu mzima anapochanganyikiwa, akaanza kutoka usiku wa manane kwenda kusimama katikati ya barabara, ndugu zake hufanya kile wanachokiweza. Huchukua kamba. Sijawahi kuona mtu aliyemfunga ndugu yake kwa chuki. Wengi hufunga huku wakilia.

Mdogo wangu, aliyenifuata mgongo, ni mkulima wa mpunga upande wa Magole. Ugonjwa wake ulianza kwa kukosa usingizi, ukaingia katika kutangatanga, kisha ghafla akatulia. Alitulia kupita kiasi. Alilala ameukabili ukuta, hasemi, hageuki, na ukiuinua mkono wake ulibaki pale pale ulipouacha. Madaktari wanaiita hali hiyo katatonia. Ni ugonjwa wa akili unaoufanya mwili wote uduwae. Wazee aliokuwa akiishi nao waliendelea kumfunga miguu usiku wakihofia barabara. Kikundi cha maombi kilipofika kikatangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, na mgonjwa naye akaingizwa humo bila kuulizwa, maana hakuwa na sauti ya kujibu.

Niliitwa siku ya pili, nikafika pamoja na mchungaji wetu. Mzee yule, kabla ya kuweka mikono juu ya mgonjwa, aliomba maji ya kunywa. Akaletewa kikombe, watu wakidhani jua la njiani limemkausha. Akaketi mkekani, akakiinua kichwa cha mdogo wangu, akamwonjesha kijiko kimoja, na alipoona anameza akaendelea taratibu mpaka kikombe kikaisha. Akaomba kingine. Ndipo akaifungua kamba kwa mikono yake, akasali sala fupi, akasema, "Mfungo uendelee, lakini tufunge sisi wenye afya. Huyu anywe." Kesho yake asubuhi tulikodi gari.

Hospitali tuliyomlaza ilimpokea vizuri. Alipewa sindano na vidonge, akalala sana. Siku ya tisa macho yake yalianza kuwafuata watu, na sauti ikarudi kidogo. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda namenya chungwa. Akasema, "Dada, kuna mtu chini ya kitanda. Amenishika mguu."

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili alicheka kwa upole. "Usihangaike, mwenzangu," akaniambia. "Hawa wetu kila siku wanaona watu."

Muuguzi wa zamu alikuwa anapita na sinia la dawa. Binti mdogo, umri wa mwanangu. Akasimama, akaliweka sinia chini, akamwinamia mgonjwa. "Kaka, amekushika mguu upi?"

Mdogo wangu akaonyesha wa kushoto.

Binti akafunua shuka. Miguu ile miwili haikufanana. Wa kushoto ulikuwa umejaa kutoka kwenye kifundo hadi gotini, ngozi inang'aa, na ukiugusa una joto. Alikwenda akarudi na futi ya fundi cherehani, akapima mashavu ya miguu yote miwili. La kushoto lilizidi kwa sentimita 4. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya kuchua ndani ya kikapu. Akaiona, akasema, "Mama, mguu huu usichuliwe kabisa." Akaenda kumwita daktari. Kabla ya jioni kipimo cha altrasaundi kilionyesha bonge la damu ndani ya mshipa mkubwa nyuma ya goti, likipanda kuelekea pajani.

Nimelifikiria sana swali la binti yule. Hakumwambia mgonjwa kwamba hakuna mtu chini ya kitanda. Hakumkubalia pia kwamba yupo. Aliuliza ni mguu upi. Ugonjwa ulikuwa umeyavuruga maneno ya mdogo wangu, lakini habari aliyoileta ilikuwa ya kweli: kulikuwa na kitu kimeukamata mguu wake, na kitu hicho kingeweza kumuua.

Daktari alinieleza mambo kwa namna ambayo mkulima yeyote wa bondeni kwetu angeielewa. Moyo husukuma damu kushuka miguuni, lakini safari ya kurudi juu inategemea sana mashavu ya miguu. Kila hatua tunayopiga, misuli hiyo huikamua mishipa, damu ikapanda, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Mtu asiyetembea ni kama mwenye shamba aliyezima pampu. Sisi tunajua maji yanayokimbia hubeba tope, na maji yaliyosimama huliacha. Tuliona Januari 2014, Mto Mkundi ulipofurika, ukaharibu daraja hapa Dumila na kuikata barabara kuu: maji yalipotulia, tope na mchanga vilibaki mahali vilipotua. Damu nayo haipendi kusimama. Ikisimama muda mrefu ndani ya mshipa, hugeuka yenyewe kuwa bonge.

Tangu katikati ya karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alikuwa akichunguza jinsi mabonge hayo yanavyotokea na kusafiri mwilini. Madaktari hadi leo hufundishwa sababu tatu zinazohusishwa na jina lake: damu kwenda polepole, damu yenyewe kuwa tayari zaidi kuganda, na ukuta wa mshipa kuumia. Msomaji, hebu mtazame mgonjwa wetu akiwa na sababu hizo tatu mkononi. Amelala wiki nzima, kwanza kwa ugonjwa, kisha kwa usingizi wa dawa: damu inakwenda polepole. Hajanywa maji, ama kwa kukataa ama kwa kunyimwa: damu inakuwa nzito na kuganda upesi. Amefungwa kamba na anajivuta ili aifungue: nyama na mishipa vinaumia. Mtu mmoja, na milango yote mitatu iko wazi.

Hata mahali penye hospitali kubwa na vifaa vingi jambo hili lipo. Huko Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa vitandani kwa mikanda ya hospitali. Zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa na damu iliyoganda miguuni. Wale walikuwa wodini, chini ya macho ya wauguzi. Tufikirie basi chumba cha nyuma kijijini.

Dawa nazo zina sehemu yake, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Kloropromazini, dawa ya kwanza ya kutuliza wagonjwa wa namna hii, ilianza kutumiwa huko Ufaransa mwaka 1952, na muongo huo huo haukuisha kabla madaktari wa Ulaya hawajaanza kuona damu ikiganda kwa baadhi ya waliokuwa wakiitumia. Tafiti kubwa za miaka ya 2000 na kuendelea zimeonyesha kwamba dawa za kundi hilo, zikiwemo haloperidoli na klozapini, huongeza hatari hiyo kwa kiasi. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, na kubwa zaidi ni hatari ya kuacha dawa. Mdogo wangu hakuachishwa dawa zake. Daktari alipunguza kipimo cha ile iliyokuwa inamlaza mno, akamwanzishia sindano za heparini za kuzuia damu isizidi kuganda, baadaye vidonge vya wafarini kwa miezi sita, akipimwa damu mara kwa mara. Asije mtu akatoka katika kurasa hizi akamwambia mgonjwa atupe dawa. Amwambie atembee, anywe maji, na amweleze daktari kila kinachomuuma.

Bonge la mguuni lina hatari ya kukatika. Kipande kikikatika, husafiri na damu, hupita moyoni na kukwama kwenye mapafu. Mtu hukosa pumzi ghafla, kifua humchoma anapovuta hewa, moyo humwenda mbio, wengine hukohoa damu, wengine huanguka na kuzimia. Kwa mgonjwa wa akili dalili hizo zina adui mmoja mkubwa, nao ni masikio yetu. Akisema kifua kinabanwa, tunasema ni wasiwasi wake. Akihema kwa nguvu, tunasema amepandisha. Akisema amekamatwa, tunasema anaona watu.

Na akifa je? Hapa ndipo moyo wangu huingia baridi. Kama mdogo wangu angeinuka siku ya kumi, akapiga hatua tatu kuelekea chooni na kuanguka, hakuna mtu kwetu ambaye angeulizia mshipa. Wangesema kichaa kimemmaliza. Wengine wangesema amerogwa, maana mtu aliyeanza kupona hafi ghafla hivi hivi. Na penye neno hilo hutafutwa mrogaji, na mrogaji hupatikana: mara nyingi ni bibi kizee fulani mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, asiye na wa kumtetea. Nchi yetu imewazika wazee wengi kwa neno hilo. Bonge la damu lisilojulikana linaweza kumuua mgonjwa, kisha likamtafutia jirani yake kifo. Kwa hiyo kulijua ni sehemu ya kuikataa giza, na Mkristo ameitwa kuikataa giza.

Sasa twende kwa Isaya. Katika sura ya 58 watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona. Mungu anawajibu kwa kuwaeleza mfungo anaoupenda yeye. Katika jibu hilo hazungumzii idadi ya siku wala ukavu wa koo. Anazungumzia kulegeza vifungo, kumwachia huru aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi, na kutomkimbia ndugu yako mwenyewe. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo tangu Shule ya Jumapili. Lakini siku nilipokumbuka mikono ya mchungaji ikiifungua kamba katikati ya mfungo, niliona kwamba kwa Mungu maneno yale mawili ni kazi moja. Mfungo wa kweli huishia katika kufungua. Mfungo unaomwacha mgonjwa na kiu umemwelekea mtu asiye wake. Mimi mwenye afya ndiye niliyepewa tumbo la kufunga. Mgonjwa amepewa ndugu wa kumfungia.

Wapo watakaouliza: je, habari hizi za maji, miguu na vipimo si kupungukiwa imani? Ninawajibu kwa habari ya Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii yule, aliyeuita moto ushuke Karmeli, alifika jangwani amechoka kuishi. Akalala chini ya mti, akaomba afe. Leo tungesema ana sonona. Mungu akamtumia malaika, na malaika yule hakuanza kwa kumkemea wala kumhoji dhambi zake. Alimgusa. Akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji, akamwambia ainuke ale. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kwa huduma ile ile, akamweleza kwamba safari iliyo mbele ni ndefu. Ndipo nabii akainuka, akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko alikozungumza na Mungu kwa kina.

Kuguswa, chakula, maji, kuinuka, kutembea. Ukimwuliza muuguzi yeyote namna ya kumkinga mgonjwa wa kitandani asigandiwe na damu, atakutajia mambo hayo hayo. Kama mbingu haikuona aibu kumhudumia nabii kwa gudulia la maji, sisi ni nani hata tuone kwamba kikombe ni kidogo mno kwa imani yetu? Tena malaika alirudi mara ya pili. Wengi wetu humtembelea mgonjwa wa akili mara moja, tukaona hajabadilika, tukakata tamaa.

Kanisa letu la Kilutheri limewahi kuielewa kazi hii, na si mbali na hapa. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, ipo Lutindi. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, pakawa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa pa kuwatunzia wagonjwa hao katika Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma, tunayoijua zaidi sisi wa njia hii, ilifuata mwaka 1927. Ninapenda kuwaza kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto waliofunguliwa minyororo ndiyo iliyogeuka kuwa nyumba ya watu ambao jamii ilikuwa bado inawafunga. Na huko Lutindi wagonjwa wenye uwezo hufanya kazi: bustani, chai, ususi, useremala. Kazi inampa mtu heshima. Pia inamtoa kitandani, na damu yake inatembea.

Tufanye nini basi sisi washarika ambao si madaktari? Kwanza, tusimfunge mgonjwa kamba. Kama kuna hofu ya barabara, tupange zamu. Nyumba moja haiwezi kukesha siku kumi, lakini jumuiya yenye nyumba kumi na mbili inaweza, kila nyumba usiku mmoja. Zamu ya kukesha na mgonjwa ni mkesha kamili mbele za Mungu, hata kama hakuna ngoma wala kinanda. Na mgonjwa apelekwe hospitali mapema, kabla kamba haijawaziwa.

Pili, tusimwingize mgonjwa katika mfungo. Anywe maji, uji na juisi ya matunda kila anapoweza, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Akiwa hamezi, hilo peke yake ni sababu ya kumkimbiza hospitali.

Tatu, tunapokwenda kumwona wodini, tusikae tu kando ya kitanda na kumsimulia habari za msiba na mvua. Tuwaulize wauguzi kama anaruhusiwa kutembea. Akiruhusiwa, tumshike mkono tukamtembeze mpaka dirishani na kurudi, mara kadhaa. Asiyeweza kusimama asaidiwe kuchezesha vifundo vya miguu, juu na chini. Wauguzi wetu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ndugu anayemtembeza mgonjwa wake amewaongezea mikono.

Nne, tuitazame miguu yake. Yote miwili. Ikiwa mmoja umevimba kuliko mwenzake, unauma, una joto au umebadilika rangi, tumwite muuguzi saa hiyo hiyo, wala tusiuchue kwa mafuta wala kuukanda, maana kuchua kunaweza kulikata bonge. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, tusingoje asubuhi. Tuwe macho zaidi kwa mama aliyejifungua karibuni na akachanganyikiwa, kwa sababu wiki sita za kwanza baada ya kujifungua damu ya mama huwa tayari zaidi kuganda, hata kama akili yake ni timamu. Vivyo hivyo kwa mgonjwa mnene, mzee, mwenye saratani, na yule ambaye yeye au ndugu yake amewahi kugandiwa na damu.

La tano ndilo gumu kuliko yote. Tumsikilize. Asemapo jambo la ajabu kuhusu mwili wake, tumwulize swali la binti yule: wapi hasa? Tumtazame hapo anapoonyesha. Kama hakuna kitu, tumepoteza dakika moja. Kama kipo, tumeokoa mtu. Injili zimejaa watu walioambiwa wanyamaze, na Yesu akasimama. Kusimama kwake ndiko kulikowaambia kwamba ni watu.

Mdogo wangu alirudi Dumila anatembea. Ningetamani kuandika kwamba ugonjwa wa akili uliondoka pamoja na uvimbe wa mguu, lakini haukuondoka. Kila mwezi anakwenda kuchomwa sindano yake. Kuna majuma mazuri, na kuna majuma ambayo hataki kuonana na mtu. Mguu wa kushoto humjaa kidogo akisimama shambani kutwa nzima, kwa hiyo jioni huuinua juu ya kigoda. Amelima misimu mitatu tangu hapo. Jumapili hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na siku akitoka kabla ya mahubiri kwisha, hakuna anayegeuza shingo. Hilo nalo ni namna ya kufunguliwa, na usharika wetu umejifunza kulifanya.

Tarehe 10 Oktoba kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Siku tatu baadaye, tarehe 13 Oktoba, aliyozaliwa yule daktari Virchow, huadhimishwa siku ya kuwakumbusha watu hatari ya damu kuganda. Waliozipanga tarehe hizo hawakuwaza habari za Dumila, lakini jumuiya yetu imezichukua kwa furaha, maana kati yake mna nafasi ya mfungo wa siku tatu. Wenye afya tunafunga. Pesa ya chakula tusichokula tunanunua maji, machungwa na unga wa uji. Siku ya mwisho tunapeleka vitu hivyo wodini, tunawashika mikono wagonjwa walioruhusiwa kusimama, na tunatembea nao polepole, mpaka dirishani na kurudi.